Mkunazi wa Walio Hai: Qasil ya Garissa na Uso Usioisha Mafuta

KATIKA miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, mkunazi ni mti unaojulikana na mkubwa na mdogo. Watoto huupopoa kwa mawe ili waangushe kunazi, na mama zao huwakemea wasije wakachomwa na miiba. Hata hivyo majani yake yana habari nyingine. Yakishapondwa na kutiwa majini, harufu yake huwakumbusha watu jambo moja tu, nalo ni msiba. Hayo ndiyo majani yanayotiwa katika maji ya kumwoshea maiti, kama Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alivyowaelekeza wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake: maji na majani ya mkunazi, na kafuri mwishoni. Ndiyo sababu ukimwambia bibi wa Mombasa au wa Malindi ajipake majani hayo usoni, huenda akashtuka na kukuuliza kama unamtakia mauti.

Lakini, ndugu msomaji, hebu panda basi liendalo Garissa. Pita Malindi, pita Garsen na Hola, ufuate mto Tana mpaka Madogo, kisha uvuke daraja. Hapo umeingia Garissa, mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka mikoa ilipoacha nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Zunguka sokoni, walipo akina mama wa Kisomali wenye hina, manjano, ubani na vifukizo vyao. Kati ya bidhaa hizo utaona unga laini wa rangi ya kijani. Ukiuliza jina lake utaambiwa ni qasil, na herufi yake ya kwanza hutamkwa kama qaf ya Kiarabu. Ukiuliza umetokana na nini, utaambiwa ni majani ya mti uitwao gob. Nao gob, msomaji, si mwingine ila ni mkunazi wetu ule ule.

Huko mti huo si wa maiti peke yake. Ni mti wa bibi harusi, wa mama aliyetoka arubaini, na wa mwanamke yeyote mwenye uso unaotoa mafuta mchana kutwa. Makala haya yanataka kuutazama unga huo kwa macho mawili: jicho la mila na jicho la tiba ya leo.

USO UNAONG'AA ADHUHURI

Tuanze na taabu yenyewe. Chukua mfano wa mama wa miaka 35. Alfajiri hunawa uso ukawa safi. Ifikapo saa nne asubuhi paji la uso, pua na kidevu vimeanza kung'aa. Adhuhuri akijifuta kwa leso, leso hubaki na doa. Akienda harusini, poda aliyojipaka hugeuka utope kabla bibi harusi hajatolewa nje.

Alipokuwa msichana aliambiwa kwamba huo ni ujana, utapita. Ulipokataa kupita akaambiwa angoje aolewe. Akaolewa. Akaambiwa angoje azae. Akazaa mara tatu, na mafuta yako pale pale. Sasa wenziwe wamechoka kumliwaza, na wengine wananong'ona kwamba huenda hajui kunawa. Maneno hayo humwingia zaidi kuliko mafuta yenyewe.

Wanaume nao wamo katika taabu hii, tena wengi, ila wao aghalabu hawasemi. Husingizia jua na vumbi.

Sasa tumwambie mama huyu ukweli: hana kosa lolote. Imani ya kwamba mafuta ya uso ni ya vijana tu haina msingi. Watu wengi huendelea nayo katika miaka ya thelathini na arubaini. Kwa wanawake hupungua sana baada ya kukoma hedhi. Kwa wanaume huweza kuendelea mpaka uzeeni. Na ndoa haina mkono ndani yake.

KISIMA KILICHO CHINI YA NGOZI

Chini ya ngozi yetu mna tezi ndogondogo zilizoshikamana na mizizi ya vinyweleo. Kazi yake ni kutoa mafuta ambayo waganga huyaita sebamu. Mafuta hayo si uchafu. Yamewekwa kuilinda ngozi isikauke na isipasuke. Tezi hizo ni nyingi zaidi usoni, kichwani, kifuani na mgongoni, na usoni zimejazana katika paji, pua na kidevu. Ndiyo maana mashavu ya mtu huweza kuwa makavu na pua yake ikawa inameta.

Tezi hizo hufuata amri ya homoni, hasa zile za kiume, ambazo wanawake pia wanazo kwa kiasi kidogo. Kiasi cha mafuta hutegemea pia nasaba: mama akiwa nayo, si ajabu binti kuyarithi. Kisha huja hali ya hewa. Garissa iko nyanda za chini, mita zipatazo 150 tu juu ya bahari, na katika miezi ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 35 za selsiasi. Katika joto kama hilo mafuta huwa mepesi, huchanganyika na jasho, na uso mzima hung'aa. Pwani nako, penye joto na unyevu wa bahari, hali ni hiyo hiyo.

Yafaa basi mtu ajue kama alicho nacho ni mafuta au ni jasho tu. Jaribio lake ni rahisi. Nawa uso kwa sabuni laini, ukaushe, usipake kitu chochote, kaa kivulini kwa muda wa saa moja. Kisha gandamiza karatasi nyembamba juu ya paji na pua. Karatasi ikionyesha madoa yanayopitisha mwanga, hayo ni mafuta. Ikilowa tu na baadaye ikakauka bila alama, hilo lilikuwa jasho.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kunawa huondoa mafuta yaliyokwisha kutoka, lakini hakuzifungi tezi. Ni kama kuteka maji kisimani. Ukiteka ndoo kumi, kisima kitajaa tena. Kwa hiyo mwenye kujisugua kwa sabuni kali mara sita kwa siku hapunguzi mafuta; anachofanya ni kuichubua ngozi, ikawasha na kuwa nyekundu, na juu yake mafuta yakarudi vile vile. Mtu wa namna hiyo hujikuta na uso wenye mafuta na wenye ukavu kwa wakati mmoja.

Nayo mafuta ya bajia na mahamri hayapandi kutoka tumboni mpaka puani, kama wengi wanavyodhani. Kilichohusishwa na kuzidi kwa chunusi katika uchunguzi wa siku hizi ni zaidi vyakula vyenye sukari nyingi na wanga uliokobolewa.

UNGA WA KIJANI

Sasa turudi kwa qasil. Majani ya mkunazi huchumwa, yakaanikwa mpaka yakauke, yakatwangwa na kuchekechwa hata unga wake ukawa laini. Unga huo ukitiwa maji na kusuguliwa viganjani, hutoa povu. Hapo ndipo ilipo siri yake. Majani ya mkunazi yana vitu viitwavyo saponini, ambavyo hufanya kazi ya sabuni: hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, na yote yakaondoka pamoja.

Kwa watu wa Kaskazini Mashariki hii ilikuwa hazina. Mfugaji aliyehama na ngamia wake hakuwa na duka la sabuni, na maji yake yalikuwa ya kuhesabiwa. Unga mmoja huo ulimtosha mwanamke kuoshea nywele, uso na mwili. Tena maji ya visima vya Wajir, vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, ni magumu. Sabuni ya kawaida katika maji kama hayo hukataa kutoa povu na huacha ukoko unaowasha ngozi. Saponini haisumbuliwi sana na ugumu wa maji. Sisi wa pwani tunaoogea maji ya kisima yenye chumvichumvi tunaielewa vizuri faida hiyo.

Wasomali waliotawanyika duniani wamekwenda na qasil yao. Leo unga huo unauzwa London, Toronto na Minneapolis, katika vichupa vya kupendeza vyenye bei ya kupendeza vilevile kwa muuzaji. Huko Garissa, na katika kambi za Dadaab zilizofunguliwa tangu mwaka 1991, bado ni unga wa kawaida wa sokoni ambao mama humrithisha binti yake.

Namna ya kuutumia kwa uso wa mafuta ni hii. Chota kijiko kimoja cha unga, utie maji kidogo kidogo, ukoroge mpaka uwe kama uji mzito. Nawa uso kwanza. Paka taratibu kwa vidole, ukiepuka macho, maana povu lake huwasha sana machoni. Acha kwa dakika 10, na usingoje mpaka ukauke kabisa na kuanza kupasuka, kwani hapo unavuta unyevu wa ngozi yenyewe. Suuza kwa maji mengi. Mara moja au mbili kwa juma zinatosha. Kabla ya kuanza, jaribu kwanza ndani ya mkono, ungoje siku nzima. Ukiona vipele au mwasho, hiyo si riziki yako.

Kuna wanaochanganya qasil na manjano, ambayo Wasomali huyaita huruud. Hakuna ubaya, ila manjano huacha rangi usoni na katika nguo. Wengine hutia asali au maziwa ya mgando, nayo hulainisha. Lakini kuna mchanganyiko mmoja ambao lazima tuuonye: ndimu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likayapiga, huweza kuunguza, yakatoa malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi mingi. Katika jua la Garissa, au la Mombasa, mzaha huo ni ghali.

Na tuseme kweli bila kumfurahisha muuzaji. Qasil huosha. Haiziamuru tezi zipunguze mafuta, wala haiondoi makovu, wala haimgeuzi mtu rangi. Anayekuuzia kwa ahadi hizo anakuuzia ahadi.

UDHU NA USO

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kunawa mno ni vibaya, je, sisi tunaotia udhu mara tano kwa siku tufanyeje? Jibu ni kwamba udhu haumo katika hatari hiyo. Kinachochubua ngozi ni sabuni kali na kusugua kwa nguvu, na udhu hauna mojawapo. Maji matupu huondoa jasho na vumbi na kuupoza uso. Kwa mwenye uso wa mafuta, sabuni laini ya uso iwe asubuhi na jioni tu. Nyakati nyingine za sala maji peke yake yanatosha. Kisha ujikaushe kwa kugandamiza taulo safi, si kwa kukwangua.

Jambo jingine ni mafuta tunayojipaka wenyewe. Wengi wetu tumelelewa kwa mafuta ya nazi, na kwa nywele na mwili ni neema. Lakini usoni, kwa mtu ambaye tezi zake tayari zinamwaga, mafuta ya nazi na vaselini nzito huziba vinyweleo na kuleta chunusi nyeusi. Atumie losheni nyepesi ya majimaji isiyo na mafuta mazito. Asiiache kabisa, kwa kuwa ngozi yenye mafuta nayo huhitaji unyevu.

CHEMA CHAJIUZA

Sasa tumefika penye msiba wenyewe, na huu si wa maiti. Yule mama wa miaka 35 akichoka, wapo wanaomngoja. Dukani kuna kikopo kisicho na maelezo, au kimeandikwa lugha asiyoijua, na humo mna mkorogo. Anaambiwa utakausha mafuta, utaondoa chunusi na utang'arisha uso, yote kwa majuma mawili. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mkorogo hutembezwa mpaka milangoni.

Kwa bahati mbaya, kwa siku za mwanzo ahadi huonekana kutimia. Mikorogo mingi hutiwa steroidi kali, ambazo huzima uvimbe upesi na kuifanya ngozi ionekane safi. Lakini baada ya miezi ngozi hukonda kama karatasi, mishipa ya damu huonekana kwa juu, nywele huota mashavuni, na chunusi huzuka kwa wingi kuliko mwanzo. Akiacha kupaka, uso huwaka moto, hivyo hurudi dukani. Amekuwa mtumwa wa kikopo.

Mikorogo mingine ina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila daktari huleta weusi wa kibluu usiotoka. Mingine ina zebaki, sumu inayopenya ngozini ikaziumiza figo na mishipa ya fahamu, na ambayo humfikia hata mtoto aliye tumboni. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, uitwao Mkataba wa Minamata, ulikubaliwa mwaka 2013, na ulizitaka nchi zikomeshe utengenezaji na biashara ya vipodozi vya namna hiyo ifikapo mwaka 2020. Hapa Kenya navyo vimepigwa marufuku. Hata hivyo marufuku iko katika karatasi na kikopo kiko sokoni, na katikati yake yupo mama aliyeambiwa kwamba hajui kunawa.

Ndiyo sababu suala la mafuta ya uso si upuuzi wa wanawake, kama baadhi ya wanaume wanavyolichukulia. Aliyeanza kwa kutafuta uso mkavu huweza kuishia na figo mbovu.

PALE UNGA UNAPOSHINDWA

Mafuta yakiambatana na chunusi zinazouma, zenye usaha, na zinazoacha makovu, qasil peke yake haitoshi. Katika duka la dawa lenye idhini zipo dawa zilizothibitishwa. Asidi ya salisiliki huzibua vinyweleo. Benzoili peroksaidi huua vijidudu vinavyochochea chunusi, ila mwenye kuitumia ajihadhari na mtandio na buibui lake, kwani dawa hiyo hutoa rangi nguoni na kuacha mabaka. Adapalini hupakwa usiku, kidogo kama punje ya mbaazi kwa uso mzima, na matokeo yake hungojewa kwa wiki 8 hadi 12. Huleta ukavu mwanzoni, na haifai kwa mja mzito.

Ipo pia dawa ya vidonge, isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982. Hii ndiyo inayokifikia kisima chenyewe, maana hunywesha tezi zikasinyaa na mafuta yakapungua kweli. Lakini ni dawa ya daktari wa ngozi tu, yenye kufuatiliwa kwa vipimo, kwani mwanamke akishika mimba hali anaimeza, mtoto huweza kuzaliwa na vilema vikubwa. Kamwe isinunuliwe kwa kuulizia rafiki.

Na kuna dalili ambazo humtaka mwanamke aende kwa daktari bila kungoja: mafuta yakizidi ghafla ukubwani, hedhi ikawa haina mpango, na nywele nene zikaota kidevuni. Hayo huweza kuwa ni ugonjwa wa ovari wenye kuvuruga homoni, na tiba yake haiko usoni. Vilevile mwenye magamba ya manjano kwenye nyusi na pembeni mwa pua asidhani ni mafuta tu. Huenda ni ugonjwa wa ngozi unaotibika kwa dawa ya fangasi.

MTI WETU PIA

Tulianza na mkunazi wa maiti, na tumalize kwa kuurudisha kwa walio hai. Wenye kuogopa majani haya wakumbuke kwamba katika mafunzo yale yale ya dini, mwanamke anayejitoharisha baada ya hedhi naye ametajiwa maji na mkunazi. Na katika Sura ya al-Waqia mikunazi isiyo na miiba imetajwa miongoni mwa neema za watu wa kuliani peponi. Mti wa namna hiyo hauwezi kuwa wa kaburi tu. Tunauosha nao mwili wa marehemu kwa sababu unasafisha. Basi kwa sababu hiyo hiyo bibi wa Garissa huoshea uso wake.

Akina mama wa pwani wanayo liwa, wanayo singo, na mkunazi umesimama uani. Wahenga wametuusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Kikopo cha mkorogo ni msala upitao, na ukipita huondoka na uso wa mtu.

Ama yule mama wa miaka 35, tunamshauri hivi: sabuni laini mara mbili kwa siku, qasil mara moja au mbili kwa juma, losheni nyepesi, kivuli cha mwavuli au mtandio wakati wa jua kali, na daktari pindi zikionekana zile dalili tulizozitaja. Uso wake huenda ukang'aa kidogo adhuhuri. Na ung'ae. Mafuta hayo ameumbwa nayo, na wajuao husema kwamba ngozi ya namna hiyo huchelewa kuonyesha mikunjo midogo midogo ya uzee. Hapo ndipo wale waliomnong'ona watakapokuja kumwuliza anapaka nini.